Somo la dakika tano mkononi mwa mhudumu

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu mafunzo ya mtandaoni ya kuwaandaa wahudumu wa afya wa kujitolea kwa milipuko ya maradhi. Barua zimekuja kutoka Unguja na Pemba, nyingi zikigusa mambo yale yale. Tumechagua saba. Wanaojibu ni watu wanaotunga na kusimamia masomo ya aina hii.

Assalaam alaykum. Wilaya yetu ina mafunzo ya siku tatu ya kujiandaa na milipuko, slaidi 140, yaliyokuwa yakifundishwa ukumbini. Sasa tumeambiwa tuyapeleke mtandaoni. Fikra iliyopo ni kumrekodi daktari akifundisha, saa moja kila mada, kisha tuziweke hizo video. Itatosha? (Mratibu, Wete)

Wa alaykum salaam. Haitoshi, na pengine itawarudisha nyuma. Ukumbini mtu aliyechoka hubaki kwa sababu kuna wenziwe, kuna chai, na mlango uko mbali. Kwenye simu mlango uko chini ya kidole gumba.

Zile slaidi wekeni pembeni kwanza. Chukueni karatasi tupu muandike mambo ambayo mhudumu huyaamua akiwa mlangoni mwa nyumba ya watu. Je, huyu ni wa kupelekwa kituoni sasa hivi? Nimguse au nisimguse? Nimpigie nani, na ndani ya muda gani? Nimwambie nini mama mwenye nyumba kabla sijaondoka? Kwa maradhi ya milipuko orodha hiyo mara nyingi haizidi mambo 25 au 30. Kila uamuzi mmoja ni somo moja la dakika tano. Slaidi ambayo haimsaidii mhudumu kuamua lolote, kama ile ya historia ya vimelea au muundo wa kamati ya taifa, haina nafasi kwenye simu hata kama daktari anaipenda.

Tuchukue mfano wa kipindupindu, somo la mtoto anayeharisha. Skrini ya kwanza haina maelezo, ina tukio: mtoto wa miaka mitatu ameharisha maji matupu mara nne tangu alfajiri, macho yamezama, amelegea. Utaanza na nini? Majibu ni matatu: kujaza fomu, kwenda kumwita sheha, au kumuanzishia maji ya ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na kumpeleka kituoni huku akinywa. Akichagua fomu, skrini ya pili inamwambia kwamba fomu itasubiri, mtoto hasubiri. Skrini ya tatu ni sauti ya sekunde 60 inayotaja dalili za hatari: hawezi kunywa, amelegea au hazindukani, macho yamezama, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole.

Skrini ya nne ndiyo yenye kazi kubwa. Ni picha ya paketi moja ya ORS na chupa mbili za maji za nusu lita. Kosa la kila siku ni kumimina paketi ya lita moja ndani ya chupa moja ya nusu lita, kwa kuwa ndiyo chupa iliyopo. Dawa inakuwa kali maradufu, chumvi na sukari zinazidi, na mtoto anaweza kuzidi kuharisha. Wengine huchukua chupa ya lita moja na nusu wakaijaza hadi shingoni, na hapo dawa inakuwa nyepesi mno. Kwa hiyo picha ionyeshe chupa mbili zikimiminwa kwenye jagi, na sauti iseme: soma paketi kwanza, maana zipo pia zinazotaka nusu lita. Maji yawe yamechemshwa yakapoa au yametiwa dawa, na yakishachanganywa yatumike ndani ya saa 24. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya gilasi kila baada ya kuharisha. Wa miaka miwili hadi kumi, nusu hadi gilasi nzima. Mtu mzima anywe kadiri atakavyo. Gilasi tunayohesabia ni ya mililita 200.

Skrini ya tano: mpigie mkuu wa kituo saa hiyo hiyo, usingoje ripoti ya mwisho wa mwezi. Ya sita ni zoezi la jioni. Pima lita moja nyumbani kwako kwa chupa ya nusu lita, tia alama kwenye jagi kwa kalamu isiyofutika, tuma picha yake. Zoezi hilo moja litafundisha zaidi ya saa nzima ya daktari.

Mimi ni mhudumu Kojani. Mtandao hupatikana ukutani kwa nyumba ya jirani yangu, na wakati mwingine mpaka uvuke maji. Mafunzo yaliyopita yalikuwa ya video, bando likaisha siku ya pili. Kuna njia nyengine? (Msomaji, Kojani)

Ipo, na hesabu yake ni nyepesi. Video ya saa moja kwa ubora wa wastani, yaani megabiti moja kwa sekunde, inakula kama megabaiti 450. Sauti ya dakika tano iliyobanwa kwa kodeki ya Opus, yaani njia ya kupunguza ukubwa wa faili la sauti, kwenye kilobiti 24 kwa sekunde, chaneli moja, ni kama megabaiti 0.9. Ongeza picha tano za kilobaiti 60 kila moja, na somo zima ni megabaiti 1.2. Masomo 30 ni megabaiti 36. Kozi nzima ni nyepesi kuliko dakika tano za ile video ya daktari.

Kwa hiyo tunawaambia watengenezaji: video iwe pale tu ambapo mwendo wa mikono ndio somo lenyewe, kama kuvua glavu bila kugusa upande wake wa nje. Hapo pia isizidi dakika moja, na kilobiti 300 kwa sekunde zinatosha. Mengine yote ni sauti na picha tulivu.

Masomo yapakuliwe mara moja, pale kituoni penye mtandao, siku ya kikao cha mwezi. Asiye na bando apewe na mwenzake kwa Bluetooth au memori kadi. Programu ya kufundishia mtandaoni kama Moodle ina toleo la simu linaloruhusu kupakua kozi na kusoma bila mtandao, lakini yapo mambo mawili ambayo wasimamizi huyasahau. La kwanza, jaribio halifunguki nje ya mtandao mpaka mwalimu aliwashie ruhusa hiyo kwenye mipangilio, na jaribio lenye kikomo cha muda halikubali kabisa. La pili, jaribio la nje ya mtandao halitoi jibu papo hapo. Mazoezi ya kumsahihisha mtu palepale yatengenezwe kwa H5P, zana ya kutungia mazoezi ya kugusa na kujibiwa, na jaribio la Moodle libaki kuwa la mwisho wa moduli.

Jengine wahudumu walijue: majibu uliyojaza bila mtandao yamo ndani ya simu yako tu mpaka simu iyapeleke. Ukiifuta programu kwa sababu simu imejaa, na simu ya gigabaiti 16 hujaa haraka kwa video za harusi za kwenye WhatsApp, umeyafuta na majibu. Kabla ya kufuta chochote fungua programu penye mtandao, ngoja ipeleke, ndipo ufute. Na hizo video za harusi ndizo za kuanzia.

Kuhusu WhatsApp yenyewe, inafaa kuitana, kukumbushana na kuuliza. Kuifanya maktaba ya masomo ndiko kunakoleta balaa. Ujumbe wa mwaka juzi hurudi ukiwa hauna tarehe, na mtu akaufuata kwa imani. Kila faili ipewe jina lenye mada, namba ya toleo na tarehe, na namba hiyo isikike pia mwanzoni mwa sauti.

Kozi niliyosoma imesema dawa ya kusafishia ichanganywe sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji. Muuguzi wa kituo chetu anasema sehemu sita. Nani mkweli? (Mhudumu, Mkokotoni)

Wote wawili, na mwenye kosa ni mtunga kozi. Kinachotafutwa ni maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa kusafishia sakafu, choo na mahali palipoingia matapishi au kinyesi. Chupa ikiwa na klorini ya asilimia 5, ni sehemu moja kwa tisa. Ikiwa na asilimia 3.5, ni sehemu moja kwa sita. Ukitumia moja kwa tisa kwa chupa ya asilimia 3.5 unapata asilimia 0.35, na mhudumu anaondoka akiamini nyumba imesafika.

Fundisheni kanuni, si namba ya kukariri: gawa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, toa moja, hiyo ndiyo idadi ya makopo ya maji kwa kopo moja la dawa. 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6. Somo la simu liweke picha ya lebo na limtake mhudumu aguse pale asilimia ilipoandikwa. Asiyeweza kuipata kwenye picha hataipata dukani.

Maji ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, na njia nyepesi ni kuchukua kopo moja la yale ya 0.5 na kuongeza makopo tisa ya maji. Kukiwa na sabuni na maji safi, sabuni kwanza, sekunde 40 hadi 60. Klorini ya unga ya asilimia 70 inakwenda gramu 7 kwa lita, sawa na vijiko vikubwa kumi vya kufuta kwa ndoo ya lita 20, ili upate asilimia 0.5. Kijiko kimoja kwa ndoo ile ile kinakupa 0.05.

Makosa mengine ya kuingizwa katika somo hilo: kumwaga dawa juu ya uchafu bila kuuondoa na kuosha kwanza, maana uchafu unaila klorini kabla haijaua chochote; kuiweka juani kwenye chupa nyeupe; kutumia ya jana, wakati inatakiwa ichanganywe mpya kila siku; na kuichanganya na siki au dawa nyengine ya kusafishia choo ili "iwe kali". Mvuke unaotoka hapo unachoma mapafu.

Tunafundisha wahudumu wajiandae, lakini hatujui maradhi yajayo ni yepi. Somo la kitu kisichojulikana linatungwaje? (Ofisa mafunzo, Chake Chake)

Swali hili ndilo tungependa kila wilaya ijiulize kabla haijanunua hata bando.

Angalieni yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku mbili baadaye akatangazwa wa kwanza wa Zanzibar. Marburg, homa kali inayoweza kutoa damu, ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikarudi tena Januari 2025. Mpox ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Kipindupindu kinatujia visiwani tangu 1978. Maradhi manne, njia nne tofauti za kuambukiza: hewa, majimaji ya mwili, mguso wa ngozi, maji na chakula. Kozi iliyotungwa kwa ajili ya moja ingewaacha watu mikono mitupu kwa jengine.

Kwa hiyo kozi igawanyike mara mbili. Sehemu ya kwanza husomwa sasa, wakati wa utulivu, na haitaji jina la maradhi. Inafundisha ishara: watu wawili au zaidi wa nyumba moja wameumwa kwa dalili zinazofanana ndani ya wiki, mtu mzima amefariki ghafla baada ya kuharisha maji au kutokwa damu, kuku wanakufa kwa wingi bila sababu inayojulikana, watoto kadhaa wa madrasa moja wana homa na vipele, mtoto chini ya miaka 15 amelegea mguu au mkono ghafla, mgeni aliyeshuka bandarini au aliyerudi dago, kambi ya wavuvi, ana homa isiyosikia dawa. Mhudumu hatakiwi kujua ni maradhi gani. Anatakiwa aone kwamba si kawaida, asimame umbali wa zaidi ya mita moja, kwa kweli abaki barazani, asiguse, apige simu siku hiyo hiyo. Kipimo kinachotumika duniani siku hizi kinaitwa 7-1-7: siku saba kugundua, siku moja kuarifu, siku saba kukamilisha hatua za mwanzo. Mhudumu anazibeba zile siku saba za kwanza karibu peke yake, na simu yake ndiyo inayoianzisha ile siku moja.

Sehemu ya pili ni kiolezo chenye nafasi tupu. Kinatungwa leo na kujazwa siku mlipuko ukitokea: yanavyoambukiza, dalili tatu za kutazama, siku za kujificha mwilini (Marburg ni 2 hadi 21, kipindupindu ni saa chache hadi siku 5), wa kufuatiliwa ni nani na kwa siku ngapi, mhudumu asifanye nini, aliyekwisha fariki ashughulikiwe na nani. Hili la mwisho msiliruke. Kuosha maiti ni jambo zito kwetu, na kwa Marburg ndiko kunakoua jamaa. Lizungumzwe na masheikh wa wilaya sasa, maneno yakubaliwe, yakae tayari ndani ya kiolezo. Siku ya msiba si siku ya kuanza mjadala.

Amueni mapema ni nani anayetia saini kiolezo kilichojazwa, na naibu wake ni nani akiwa safarini. Kiolezo kikingoja saini siku nne, uvumi umeshafika Makangale na kurudi.

Na hapa ndipo tunapoikataa video kwa mara ya pili. Maelekezo ya mlipuko hubadilika. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake na kuhimiza barakoa za kitambaa kwa watu wa kawaida mahali penye maambukizi pasipowezekana kukaa mbali mbali. Wenye masomo ya sauti na maandishi wangeweza kubadilisha sentensi moja jioni ile. Mwenye video ya dakika 40 anangoja kamera, daktari na ukumbi.

Wahudumu wetu wote wanapata alama 100 kwenye jaribio la mwisho. Msimamizi akienda nao majumbani, mambo ni mengine kabisa. (Msimamizi wa kituo, Wilaya ya Kati)

Wanapeana majibu kwenye kundi la simu. Msiwalaumu sana, jaribio linalouliza "dalili za kipindupindu ni zipi?" linaomba kukaririwa. Ulizeni matukio, kila swali liwe na matoleo matatu yanayobadilishana umri, idadi ya siku na mahali, na programu imchagulie kila mtu lake. Jibu la mwenzake halitamfaa.

Halafu msimpime siku ya somo peke yake. Mtumieni swali moja baada ya siku mbili, jengine baada ya wiki, jengine baada ya mwezi. Kujaribu kukumbuka ndiko kunakokazia somo, kuliko kulisoma tena. Kwa wenye simu za vitufe tumieni SMS, na hapa kuna mtego mdogo wenye gharama. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Lakini ukiandika "ng'" kwa ile alama ya juu iliyojipinda ambayo kompyuta huiweka yenyewe, au ukatia kikaragosi cha kucheka, ujumbe wote hugeuka kuwa wa herufi 70. Swali lako la herufi 150 linakatwa vipande vitatu na mnalipia SMS tatu kwa kila mtu. Andikeni kwa alama iliyonyooka.

Kipimo cha kweli ni msimamizi mwenye karatasi ya mambo matano akimtazama mhudumu kazini: alisimama wapi, alinawa lini, alichanganyaje, alimwambia nini mwenye nyumba, alipiga simu saa ngapi. Dakika kumi kwa kila mhudumu, mara moja kwa miezi mitatu. Matokeo yakionyesha kumi kati ya kumi na tano wanakosea jambo lile lile, tatizo ni somo, lirudini.

Naomba mzungumzie lugha. Masomo tunayoletewa yamejaa maneno yanayotutia aibu mbele ya watu. (Mhudumu wa kike, Micheweni)

Bibi, umegusa penye donda. Neno linalotia aibu kuliko yote ni "mshukiwa". Hilo ni neno la polisi. Mama akisikia mwanawe ni mshukiwa wa kipindupindu, anafunga mlango, na ni haki yake. Semeni "anayehisiwa kuwa na maradhi" au "mwenye dalili". "Kesi" nayo ni ya mahakamani. Mgonjwa ni mgonjwa.

La pili ni "chanya" na "hasi". Mtu anayeambiwa majibu yake ni chanya husikia jambo jema. Ongezeni neno: "amekutwa na maradhi", "hakukutwa na maradhi". La tatu, kujitenga na karantini si kitu kimoja, na masomo mengi yanazichanganya. Anayetengwa ni mgonjwa. Anayewekwa karantini ni mzima aliyekaa karibu na mgonjwa, anangojewa aonekane kama ataumwa. Mkiyachanganya, jirani mzima atatendewa kama mgonjwa na hatawaambia tena alikutana na nani.

Maandishi yawe Kiswahili cha skuli, kinachosomeka Makunduchi na Konde. Sauti iwe ya mtu wa huku, mwenye lafudhi ya huku, wala si lazima awe mtangazaji. Surua ikiitwa shurua na wenyeji, msomaji wa sauti aseme yote mawili mara ya kwanza. Kabla ya kutoa somo msikilizishe watu watano wasiohusika na afya, kisha waulizeni "umeambiwa ufanye nini?" Msiwaulize kama wameelewa, maana kila mtu atasema ameelewa. Wawili wakijibu tofauti na ulivyokusudia, andika upya.

Wahudumu wanauliza nani atalipia bando, na wengi wa kina mama wanatumia simu moja na watoto. Halafu umeme. Tunawajibu nini? (Katibu wa kamati ya afya ya shehia, Unguja)

Bando walipie wenye mradi, na litumwe kabla ya somo, si kurejeshwa baadaye kwa risiti. Kozi ya megabaiti 36 haina udhuru wa bajeti. Tena, wahudumu wengi visiwani tayari wanafanya kazi kwa simu chini ya mpango wa Jamii ni Afya wa Wizara ya Afya. Somo jipya liingie katika simu ile ile badala ya kuwaletea programu nyengine na nywila nyengine ya kusahau. Kama simu ni ya nyumba nzima, programu ifungwe kwa namba ya siri, na taarifa za wagonjwa zisibaki kwenye picha za simu. Ratiba iachwe wazi: wengine wanasoma baada ya isha watoto wakilala, wengine alfajiri. Msimu wa karafuu na mwezi wa Ramadhani punguzeni masomo kuwa mawili kwa wiki.

Umeme na mtandao ndiyo sababu ya kutotegemea simu peke yake. Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika na Tanzania nzima ikasuasua. Mlipuko hautangoja waya uungwe.

Kwa hiyo kila kozi iambatane na kadi moja ya karatasi ngumu, saizi ya A5, iliyotiwa plastiki, inayokaa kwenye mkoba wa mhudumu. Upande mmoja ishara sita za kupigia simu, pamoja na mchoro wa chupa mbili na jagi. Upande wa pili jedwali la klorini kwa chupa ya asilimia 3.5 na ya asilimia 5. Chini iachwe mistari mitatu mitupu, na mhudumu aiandike mwenyewe siku ya kikao, kwa mkono wake: namba ya mkuu wa kituo, ya msimamizi wa wilaya, na ya sheha. Kabla ya kuondoka azipige zote tatu, aone kama zinaita.